Maji Yatatokea Wapi?

Haya ni maneno niliyoyazungumza kwenye mkutano wa shehia yetu, Jumapili baada ya alasiri, kuhusu milango, roshani na mbao zote zinazokaa nje ya nyumba. Wengi hawakuwahi kufika, na waliofika wamenitaka niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, ila nimetoa mizaha miwili mitatu ambayo mdomoni inafaa na kwenye maandishi haifai.

*

Assalamu alaikum.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi mafundi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mkichoka mteleze bila kuonekana: karibuni nyote. Nimeambiwa niseme nusu saa. Seremala akikwambia nusu saa, wenyewe mnajua maana yake.

Kabla sijasema lolote, pokeeni kibao hiki. Anzieni huku kwa akina mama, mpitishane mpaka nyuma. Kigeuzeni. Kibonyezeni kwa kidole. Upande mmoja rangi ya kijani inang'aa utadhani imepigwa jana. Imepigwa miezi 8 iliyopita. Na upande wa pili? Kidole kinazama kama kwenye boflo lililorowa chai. Kibao hicho nimekikata chini ya mlango wa nyumba moja ya hapahapa mtaani. Ya nani, sisemi. Mwenyewe yupo na anacheka.

Sasa mwenye nyumba huyu si mvivu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani anapiga rangi. Anapiga msasa kwanza, anafuta vumbi, anapaka mikono miwili, yaani rangi juu ya rangi mara mbili. Basi mbona mlango umeoza?

Sisi wote tukiingia dukani tuna swali moja: nipake nini maji yasiingie? Tunauziwa rangi, tunauziwa vanishi, tunauziwa lami. Jamani, maji yataingia tu. Kisiwa hiki kina masika, kina vuli, kina umande, na hata jua likiwaka hewa yenyewe imelowa. Acha kibakuli cha chumvi wazi usiku mmoja, asubuhi nenda ukakitazame. Maji yataingia. Swali langu mimi, na ndilo mtakalolisikia mpaka mlichoke, ni hili: yakishaingia, yatatokea wapi?

Hebu niambieni, mlango una pande ngapi?

Nimesikia mbili. Huyo nani kasema nne? Mlango una pande sita. Uso wa nje, uso wa ndani, ubavu wa bawaba, ubavu wa komeo, hizo nne. Halafu kuna juu, na kuna chini. Rangi yako iko pande ngapi? Nne. Juu hakufikiwi na macho, na chini hakuna anayekumbuka kwamba kupo.

Mnakiona kioo hiki? Kimetoka kwenye kopo la poda la marehemu mama yangu. Ndicho kifaa changu cha kwanza, kabla ya randa na patasi. Nikiitwa kuutazama mlango siutazami usoni, nainama nakitelezesha kioo chini yake, naona nyayo za mlango. Kwa miaka yote niliyoifanya kazi hii, milango niliyoikuta imepakwa rangi chini naihesabu kwa mkono mmoja, na katika hiyo, miwili niliifanya mwenyewe.

Na kwa nini hapo chini pawe na tabu kuliko pengine? Mti ulipokuwa hai ulikuwa na kazi ya kupandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye majani. Ndani yake ni mirija mitupu, imelala kwa urefu. Umeukata, umeupasua, umeupiga randa, umeufanya mlango, lakini mirija haijasahau kazi yake. Pale msumeno ulipokata mbao kwa upana, midomo ya mirija yote iko wazi. Hapo panakunywa maji mengi zaidi kuliko ubavuni. Jana usiku nilikisimamisha kipande cha mpaini kwenye kikombe cha maji niliyoyatia wino, maji ya kina cha kidole kimoja. Hiki hapa. Tazameni wino ulipofika: vidole vitatu juu ya maji, kwa usiku mmoja, na hakuna aliyeusukuma.

Basi mwenzetu huyu kila akideki kibaraza, maji yanakwenda chini ya mlango, mlango unayanywa kwa miguu. Yanapanda ndani ya ubao. Yanataka kutoka kwa mbele: rangi. Kwa nyuma: rangi. Yatatokea wapi? Hayana pa kutokea, yanakaa. Na mbao ikishakaa na maji zaidi ya sehemu 20 katika 100 za uzito wake mkavu, ukungu unaoozesha unapata riziki. Ikiwa chini ya hapo, unakufa njaa. Kwa hiyo rangi ile nzuri, ya kila mwaka, ilikuwa inafunika sufuria.

Dawa yake mnaitaka? Utoe mlango kwenye bawaba mara moja tu. Usimamishe kivulini, kichwa chini, siku kadhaa zisizo na mvua. Ukate chini kidogo, ukiurudisha kidole kipite kati ya mlango na sakafu. Kisha paka ile nyayo rangi ya kwanza nyepesi, umeitia tina, ile ya kuzimulia rangi, nyingi kidogo ili izame, kisha ya pili, kisha ya tatu. Na juu vilevile.  Kazi ya asubuhi mbili, na huigusi tena miaka mingi.

Mnanitazama kama nimewaletea jambo geni. Nendeni Mji Mkongwe mkaitazame milango ya wazee. Sisi tunatazama nakshi, tunatazama njumu za shaba, watalii wanapiga picha ule mnyororo uliochongwa kwenye miimo. Mimi natazama kizingiti. Kizingiti cha chini kiko juu, lazima unyanyue mguu ndipo uingie. Mlango umerudi ndani ya ukuta mnene, mvua ya upepo inaishia njiani. Mbele kuna baraza ya mawe, maji ya barabarani hayafiki. Mlango ule umesimama miaka 100 na zaidi kwa sababu aliyeupachika aliyafikiria maji kabla hajaifikiria nakshi. Na mbao aliijua pia: msaji uliokuja na majahazi kutoka Bara Hindi, mvule wa bara, mfenesi wa hapa nyumbani. Kiini cha mti, si ule weupe wa pembeni. Siku hizi mtu anakuuzia mninga, kweli ni mninga, lakini nusu ya ubao ni weupe. Weupe wa mti wowote ni chakula, cha ukungu na cha mchwa. Ukinunua, geuza ubao uutazame kichwani, utaona rangi mbili.

(Mvule nao una mambo yake. Nyinyi vijana mmekutana nayo: msumeno unakwenda vizuri, mara kwaa! Umegonga jiwe. Jiwe la kweli, mti umelitengeneza mwenyewe ndani. Baba yangu alikuwa akisema mvule unaweka akiba.)

Na hapo nimemtaja baba, ngoja niwahadithie.

Baba alikuwa fundi wa vyombo, Nungwi. Mimi nimekulia chini ya matumbo ya majahazi. Ikifika bamvua, maji yanajaa sana, chombo kinapandishwa juu pwani, maji yakitoka kinabaki kimekaa kwenye magogo. Kazi inaanza. Wanakwangua kombe na majani ya baharini. Wanawasha makuti makavu wanapitisha moto chini ya mbao, kuua wadudu wanaotoboa na kukausha. Kila ufa kati ya ubao na ubao unatiwa kalafati, pamba iliyorowa mafuta, inagongwa kwa patasi butu, tok, tok, tok, kutwa nzima. Chini, mbao zinazokaa ndani ya maji, wanapaka deheni, shahamu imepondwa pamoja na chokaa, kwa mikono mitupu. Juu, mbao zinazokaa nje ya maji, wanapaka sifa, mafuta ya papa. Jamani, watu wote wanapenda sifa, lakini sifa ile ya baba haipendwi na mtu! Mama alikuwa hamruhusu kuvuka kizingiti mpaka aoge mara mbili, na paka wa mtaa mzima wanamfuata.

Mambo mawili niliyapata pale, na mpaka leo nakula kwa hayo mawili.

La kwanza, nilimuuliza baba, nikiwa mtoto: ubao gani unaoza mwanzo, wa chini kabisa uliozama kutwa kucha? Akanambia hapana, huo hauozi upesi. Wadudu wa baharini ndio maadui wake. Unaooza ni wa pale maji yanapopanda na kushuka, leo umelowa kesho umekauka nusu. Nilipokua ndipo nikafahamu kwa nini: ukungu unataka maji na unataka hewa, vyote viwili. Ubao uliozama hauna hewa, ubao mkavu hauna maji. Katikati ndiko ukungu unakofanyia karamu. Sasa twende kwenye nguzo ya uzio wako. Inaozea wapi? Juu? Hapana. Kule chini kabisa? Ichimbue, utaikuta nzima. Inaozea pale udongo unapokutana na hewa, shubiri moja juu, shubiri moja chini. Hapo ndipo bandari yake.

La pili, na hili ndilo nililotaka kulisema: chombo hakisubiri kuvuja. Nahodha hangoji mpaka abiria wakae kwenye maji ndipo atafute kalafati. Bamvua ya kazi ikifika, chombo kinapanda, kinavuja au hakivuji. Sisi nyumba zetu je? Tunapaka mlango siku ya harusi. Tunapaka siku mgeni anakuja kutoka Maskati. Mbao haijui harusi, haijui mgeni. Mbao inajua masika na vuli tu.

Na hapa niungame, maana mkiniacha niseme ya wenzangu tu mtasema fundi huyu hakosei.

Miaka mingi nyuma nilipewa kazi ya roshani. Roshani nzuri, ya msaji, ghorofa ya kwanza, inatazama baharini. Harusi ilikuwa ya binti wa familia, na ilikuwa mwezi wa Aprili. Mvua ilikatika siku mbili, jua kali, nikaigusa mbao: kavu. Nikaipiga vanishi, ile ya kung'aa, mikono minne. Bibi harusi alisimama pale akapigwa picha, watu wananiuliza fundi ni nani. Nikavimba kichwa.

Mwezi wa saba nikaitwa. Nilipofika chini ya nyumba nikanyanyua macho, nikatamani kurudi. Vanishi imefanya malengelenge meupe, mengine yamepasuka, inabanduka kama ngozi ya nyoka. Chini yake mbao nyeusi.

Nini kilitokea? Nje ilikuwa kavu, ndani haikuwa kavu. Siku mbili za jua zinakausha uso tu. Nikayafungia maji ndani kwa mikono minne ya vanishi. Jua likapiga, maji yakawa mvuke, mvuke unataka njia. Yatatokea wapi? Yakainyanyua vanishi yangu yakatokea. Na pale ilipopasuka, maji ya mvua yakaingia, yakakaa chini ya ile ngozi, hayatoki. Siku 11 nilikwangua roshani ile bila ya malipo. Pesa ya kazi moja, kazi mbili. Mke wangu hajaisahau roshani ile mpaka leo, ananikumbusha kila ninapojisifu.

Basi mtu utajuaje kama mbao imekauka mpaka ndani? Mafundi wenye uwezo wana kipimo cha umeme, kinachomwa kwenye mbao kinakupa namba. Mimi nina mizani ya kupimia unga. Kata kipande cha mbao ileile, kipime, kiweke kivulini pamoja na wenzake. Kipime tena baada ya siku tatu. Tena baada ya siku tatu. Uzito ukiwa bado unashuka, maji bado yanatoka, ngoja. Uzito ukitulia, piga kazi. Na majira yenyewe mnayajua: Januari na Februari kaskazi inapovuma, au Julai hadi Septemba. Aprili kaa na wajukuu.

Sasa mnataka kujua, tupake nini? Sina jibu moja, na anayekupa jibu moja anauza kitu. Lakini fahamuni jambo hili. Kuna vitu vinavyofanya ngozi juu ya mbao: rangi ya mafuta, vanishi. Na kuna vinavyozama ndani: mafuta. Ngozi inazuia sana, ila ikipasuka mahali padogo tu imekwisha, lazima uikwangue yote. Mafuta hayazuii sana, lakini hayabanduki, na mvuke unapita. Yakififia unafuta vumbi, unapaka tena juu yake, basi.

Na jua nalo lina hesabu yake. Mbao ikiachwa juani inageuka kijivu. Si uzee ule, ni jua linakula ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na mvua inaziosha nyuzi zilizolegea. Vanishi isiyo na rangi ni kama dirisha la kioo: mvua haiingii, jua linapita. Linakula mbao chini ya vanishi, halafu vanishi haina pa kushika. Ndiyo maana ile ya ndani ya nyumba, ya makabati, usiitoe nje hata kwa dawa. Ipo ya vyombo vya baharini, laini zaidi, inakwenda na mbao inapovimba na kunywea, na imetiwa kinga ya jua. Hiyo sawa. Lakini upande wa baharini, kwa macho yangu, sijaona ikivuka miaka miwili bila kutaka mkono mwingine. Kitu chenye rangi ndani yake, hata hudhurungi nyepesi tu, kinakaa zaidi kuliko kisicho na rangi, kwa sababu rangi ndiyo mwavuli.

Kwa roshani na milango ya nakshi mimi napaka mafuta. Mafuta gani? Hapa mama zangu mnisamehe. Bibi yangu mimi alikuwa akiusugua mlango wake kwa mafuta ya nazi kila kuamkia Idi. Unang'aa, unanukia. Baada ya wiki mbili vumbi lote la mtaa limehamia pale, na kwenye nakshi umeota ukungu mweusi. Mafuta ya nazi hayakauki. Yapakwe leo, mwakani ni mafuta bado. Yanayotakiwa ni yale yanayokauka yakawa kitu kigumu ndani ya mbao, kama mafuta ya kitani, madukani wanayaita linsidi. Chukua yaliyochemshwa, mabichi yatakuweka wiki nzima unangoja. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentini, yazame. Subiri robo saa, halafu futa kila kilichobaki juu. Futa! Watu hawafuti. Yakibaki mengi juu yanakuwa gundi, na kwa unyevu wetu ukungu utakuja. Mikono mitatu myembamba, siku mbili au tatu kati ya mmoja na mwingine.

Na tambara ulilofutia unalifanya nini? Huyo kijana anasema anatupa kwenye ndoo. Sikilizeni vizuri, hili sisemi kwa mzaha. Nilikuwa na mwanafunzi, kijana safi, anapenda kupanga vitu. Jioni amekusanya matambara yote ya linsidi, ameyakunja vizuri, ameyatia kwenye boksi kona ya karakana juu ya vumbi la randa. Tukaenda zetu. Magharibi nimesahau simu, nikarudi. Nafungua mlango, harufu. Boksi linafuka moshi, hakuna moto karibu, hakuna umeme, hakuna sigara. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto. Tambara likiwa limekunjwa joto halina pa kutokea, linapanda mpaka linawaka lenyewe. Mnaona, hata joto nalo swali ni lilelile. Matambara yaanike, moja moja, nje, kwenye kamba. Au yatose kwenye ndoo ya maji. Isingekuwa ile simu, karakana yangu leo mngeiita kiwanja.

Nipite haraka kwenye mambo ya uzio, maana naona Mzee wangu pale anatazama saa.

Oili chafu ya gari. Nusu ya nguzo za mtaa huu zimepakwa. Ni ya bure, ni nyeusi, inaonekana ina nguvu. Haikauki, mvua inaishusha kwenye udongo wako ambako mtoto anacheza na kuku anadonoa, na ndani yake mna mabaki ya madini ya injini. Na siku utakayotaka kupaka rangi juu yake, rangi haishiki milele. Mimi siipendi, naona ni uchafu tunaouhamisha kutoka gereji kuuleta nyumbani. Watu wa Mtwara na Lindi wana mafuta ya maganda ya korosho, hayo mchwa hawayasogelei, lakini yanaunguza ngozi vibaya, vaa glavu.

Nguzo zile zenye rangi ya kijanikijani, kama za umeme, zimeshindiliwa dawa kiwandani kwa mashine. Hizo zinadumu. Ila nyingi dawa yake ina arseniki, sumu yenyewe. Mabaki yake usiyachome, usiyapikie, hata uwe huna kuni. Marekani waliacha kuzitumia majumbani tangu mwisho wa 2003. Na ukiikata kichwa, pale ulipokata hapana dawa, umeifungulia mlango. Kwa hiyo mkato uwe juu, usiutie ardhini, na upake dawa.

Halafu saruji. Mtu anachimba shimo, anaingiza nguzo, anamimina zege, anasema sasa imekaa. Amejenga kikombe! Mbao ikinywea panabaki nafasi kati yake na zege, maji yanaingia, na yatatokea wapi? Nguzo inachemka humo kama muhogo. Simamisha nguzo juu ya kiatu cha chuma kilichoshikwa na zege, hewa ipite chini yake. Ukishindwa, basi chini ya nguzo weka kokoto badala ya saruji, maji yapate pa kuzama, na juu zege ulipe mteremko lisituamishe.

Sasa hili la mwisho, na ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu halionekani kwa kioo changu.

Nyumba nyingi hapa, na Mji Mkongwe karibu zote za zamani, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, boriti haikuwa ndefu kuliko hapo. Kichwa cha boriti kimeingia ndani ya ukuta wa mawe na chokaa. Ukuta ule unapumua. Unanyonya maji masika, unayatoa kiangazi. Boriti imekaa humo miaka nenda miaka rudi.

Nilifanya kazi nyumba moja, mwenyewe alikuwa na pesa kidogo, akaona lipu ya chokaa inachuja, inachafua kanzu. Akaipiga saruji ukuta mzima nje, na rangi ya plastiki juu yake. Safi kama sahani. Baada ya miaka minne sakafu ya juu inacheza. Nikachimbua pale boriti inapoingia ukutani. Nje ya ukuta, boriti ngumu, shoka linaruka. Ndani ya ukuta, kiasi cha kiganja, hakuna boriti, kuna unga. Boriti zote za upande ule zilikuwa zimening'inia kwa lipu. Ukuta uliendelea kunywa maji kwa chini, kama siku zote, na mlango wa kutokea umezibwa kwa saruji. Kilichobaki wazi ni vile vichwa vya boriti, na vyenyewe ni mirija, mnakumbuka ule wino?

Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al Ajaib iliporomoka upande mmoja, na roho za watu zikapotea. Jumba la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, katika mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Mimi si mhandisi na sisemi boriti ndiyo iliyoliangusha. Nasema tu kwamba wiki ile niliitwa nyumba tisa, na kila nyumba watu wamesimama katikati ya chumba wanatazama juu. Nyumba tatu kati ya hizo zilikuwa na saruji nje. Kama yako nayo ina saruji juu ya ukuta wa mawe, muite fundi aichokoe pale boriti zinapoingia, arudishe chokaa. Chokaa itachafua kanzu. Kanzu inafuliwa.

Bi mkubwa pale ananyanyua mkono tangu zamani. Naam, mama?

Anasema: mwanangu, umesema linsidi, umesema kiatu cha chuma, sisi wa pensheni tufanyeje?

Mama yangu, chukua ndoo, sabuni ya kipande na brashi laini. Osha mlango wako mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Chumvi ya bahari inavuta unyevu, majani yaliyokwama yanaushika, ondoa. Usikubali kijana akuletee ile mashine ya kuoshea magari, inachana nyuzi. Kisha dondosha tone la maji juu ya ubao, likae. Likisimama kama shanga, mbao bado ina kinga, weka pesa yako. Likizama na kuacha doa kabla hujamaliza kusema Fatiha, hapo ndipo panataka mafuta, na pengine ni kiganja kimoja tu cha mahali, si mlango mzima. Msumari ukianza kutoa wingu jeusi kwenye mvule au msaji, si ukungu ule, ni chuma kinagombana na mti. Siku ukiwezeshwa utiwe wa shaba. Chungulia gata la paa, kama limeziba maji yote yanamwagikia fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Hayo hayana bei. Na hiki kioo nitakuazima.

Nimekwisha, sheha wangu, dakika zangu nimezila na za msemaji anayekuja pia. Ila kabla hatujatawanyika, nimepita hapa mlangoni wakati naingia, na rangi yake ya bluu mmeisifu wote. Mzee wangu, nishikie hiki kibao. Nyinyi vijana mliokaa karibu nao, ufungueni taratibu, na mtu mmoja aniwashie taa ya simu. Nataka kuinama.